Jino la Karani

Ukiuliza mtaani pale yuko wapi mtengenezaji wa meno bandia, mtu atakutazama kwanza mdomoni, ndipo akuelekeze. Wanamwita Fundi Meno. Hata mkewe, akikasirika, humwita hivyo hivyo. Kazi anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha linalotazama barabarani, na kwenye rafu zimepangwa taya za plasta za watu wa mtaa mzima, za juu na za chini. Mgeni akiingia mara ya kwanza hushtuka. Akishazoea, huanza kutafuta taya za jirani yake.

Yeye si daktari na hajawahi kujidai kuwa daktari. Daktari wa meno hung'oa, huchukua kipimo cha ufizi, humletea. Fundi Meno humwaga plasta, hujenga kwa nta, hupanga jino moja moja kwa kibano, hupika plastiki ya waridi mpaka iwe ngumu, kisha huketi na tupa na kitambaa akisugua, akiinua kwenye mwanga, akisugua tena. Ana mikono mipana ambayo ungedhani iliumbwa kwa kubeba magunia. Lakini mwone akishika jino dogo la mbele, utanyamaza mwenyewe bila kuambiwa.

Jambo moja tu humpandisha mori, nalo ni meno meupe. Mteja akisema anataka meupe pe kama ya kwenye matangazo, Fundi Meno huweka tupa chini, hufuta mikono na humtazama mtu huyo kwa huruma.

"Meno meupe hivyo kwenye uso huo," husema, "watu watadhani umeyaazima."

Kisha hutoa kadi yake ya rangi na kumwonyesha yale ya manjano kidogo, yenye kivuli cha hudhurungi karibu na ufizi. "Hili ndilo jino la mtu aliyeishi," humwambia, kwa sauti ya mtu anayemsifia mwanawe. Wateja hubisha, hushindwa, na wengi wao baadaye hushukuru, kwa sababu kweli hakuna anayegundua.

Sasa kuhusu pua yake, hiyo ilikufa zamani. Ile dawa ya maji anayochanganyia unga wa plastiki ina harufu ya kupanda hadi utosini. Wageni hukohoa na kutokwa machozi, yeye hata hajui kama chupa iko wazi. Siku moja mkewe alimtuma jikoni aangalie sufuria, akasimama katikati ya moshi na kurudi kusema mambo ni shwari. Mambo hayakuwa shwari. Jicho linalopenda manjano na pua isiyonusa chochote: hayo mawili yashike vizuri, maana ndiyo yaliyokaribia kumuua Karani.

Karani ni mbwa. Ni wa rangi ya mchanga, ana sikio moja lililosimama na jingine lililokata tamaa, na jina alilipata kwa kazi yake. Tangu akiwa mdogo alijichagulia nafasi kwenye mlango wa karakana, na kila mteja aingiapo yeye humpokea, humnusa viatu, kisha humlalia miguuni mpaka shughuli iishe. Watu wanaokuja kujaribu meno huwa na hofu na aibu. Mtu mzima anakaa mdomo wazi, mashavu yamebonyea, hana pa kuweka macho. Basi huyaweka kwa mbwa. Fundi Meno alikuwa akisema Karani amemfanyia kazi nusu, na hakuwa anatia chumvi.

Mkewe alikuwa na msimamo wake kuhusu mbwa ndani ya nyumba, na alikuwa akiutangaza kila siku huku akimpa huyo mbwa vipande vya mkate chini ya meza. Vipande vikavu vya pembeni, vile vigumu, ndivyo Karani alivyovipenda kuliko nyama. Alikuwa akivitafuna kwa makelele mpaka mtu akiongea na simu anatoka nje.

Mkewe ndiye aliyeanza kulalamika.

"Baba, mbwa wako ananuka mdomo."

"Mbwa wote wananuka mdomo," akajibu Fundi Meno bila kuinua kichwa. "Ulitaka anukie marashi?"

"Siyo hivyo. Akihema, hata mapazia yanageuka upande."

"Mimi sisikii kitu."

"Wewe!" akasema mkewe, na akaacha hapo, kwa sababu kuna mambo mwanamke akishayasema miaka mingi hayana tena ladha.

Kusema kweli, Fundi Meno aliangalia. Hakuwa mtu wa kupuuza. Alimwinua Karani mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaona meno ya mbele ya manjano, na nyuma yake chonge lenye hudhurungi nzito iliyoshuka kutoka kwenye ufizi. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye aliridhika. Aliona jino la mbwa aliyeishi. Akauachia mdomo, akampiga mbwa kofi la mapenzi ubavuni na kurudi kwenye tupa yake.

Kisha Karani akaanza kuvibeba vile vipande vya mkate hadi uani na kuviacha pale. Mke akasema anaweka akiba. Fundi Meno akasema ameshiba. Baadaye akaonekana anaangusha chakula kutoka mdomoni, anakitazama, anakiokota tena kwa upande mmoja huku ameinamisha kichwa. Hapo Fundi Meno akafanya kile ambacho mtengenezaji wa meno yeyote angefanya. Wateja wake wote, wiki za mwanzo za meno mapya, huwaambia wale vitu laini: lowesha, ponda, meza polepole. Basi akaanza kumlowekea Karani chakula chake kwenye mchuzi. Karani akawa anameza bila kutafuna, bakuli linabaki safi, na mwenye mbwa akiona bakuli safi moyo unatulia. Kwa mkono wake mwenyewe, na kwa wema mtupu, aliufunika ugonjwa usionekane.

Mambo yakawa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusimulia. Mbwa akawa mzito. Akawa anasugua uso kwenye ukuta wa karakana, mpaka pakabaki alama ya mafuta pale. Akiguswa kichwa anajikunja. Wateja akiwapokea, anawapokea kwa mbali. "Amekula chumvi nyingi," Fundi Meno akawaambia, "uzee umemwingia." Na wote walikubali, kwa sababu uzee ni jibu linaloingia kwenye kila swali.

Halafu akamuuma mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mteja wa siku nyingi, mama mwenye sauti ambayo mpaka leo wanaume wenye mvi wakiisikia huchomekea mashati. Alikuwa amekuja kulegezewa kidogo waya unaoshikilia meno yake bandia ya chini. Akiwa ameketi, aliinama kumbembeleza Karani shavuni, kama alivyofanya siku zote, na Karani akamgeukia ghafla na kumdaka kiganja. Alimwachia papo hapo. Palibaki alama mbili nyekundu na tone la damu. Kisha mbwa akarudi nyuma hadi kwenye kona, akatazama ukuta, akitetemeka mwili mzima.

Fundi Meno akakimbilia maji na sabuni. Alimwosha mwalimu mkono, akamfunga, akaomba radhi mpaka maneno yakaisha. Mwalimu alikuwa mtulivu kuliko yeye.

"Nimewahi kushambuliwa na wazazi wa wanafunzi vibaya zaidi," akasema. "Nitapita zahanati wanichome sindano, yaishe. Lakini huyu mbwa ana jambo, Fundi. Mtazame macho."

Fundi Meno hakuyatazama macho. Alikuwa anafikiria mtu mwingine kabisa.

Mwanawe wa pekee alikuwa amepata kazi ya mkataba mbali, yeye na mkewe, na walikuwa wamekubaliana mtoto wao wa kike aje akae kwa babu na bibi mpaka wazazi wake warudi. Chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi. Bibi mtu alikuwa ameshashona mapazia, akayafumua, akayashona upya. Na yule mtoto alikuwa bado katika umri wa kukumbatia kila kiumbe shingoni bila kuuliza.

Mwanawe alipopata habari alikuja siku ile ile, akaketi kwenye kiti cha wateja, akashika tama.

"Baba, najua unavyompenda. Na mimi nampenda. Lakini mbwa akishauma mtu mara moja, nitalalaje huko nitakakokuwa?"

"Tutamfunga uani."

"Amekaa mlangoni hapa maisha yake yote, leo umfunge? Si utakuwa unamtesa?" Akazitazama taya za rafuni. "Ama mtoto asije, au Karani apumzishwe. Mimi sioni njia ya tatu. Samahani, baba."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia. Fundi Meno alimtazama mkewe, mkewe akatazama mapazia. Hakuna aliyesema neno, na katika nyumba ile kunyamaza ndiko kukubali.

Siku ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya mwisho, mkewe alimwogesha Karani kwa maji ya vuguvugu, mbwa ambaye alikuwa amekataza kwa miaka yote asiogeshwe kwenye beseni lake la kufulia. Akamkausha kwa taulo la wageni. Alipomaliza akasema kuwa yeye hana nafasi ya kwenda huko, ana mambo mengi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Fundi Meno akapiga moyo konde, akamfunga Karani kamba na kutoka naye.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye glovu mfukoni kama wengine wanavyoweka leso. Chumba chake kilikuwa na meza ya chuma, mizani sakafuni na paka mmoja juu ya kabati aliyeonekana kuwa ndiye msimamizi. Fundi Meno alieleza yote akiwa amesimama: umri, hasira, mwalimu, mjukuu. Akamalizia kwa kusema, "Nimemleta alale, daktari."

"Sawa, mzee wangu," daktari akasema. "Lakini mimi simchomi mnyama nisiyempima. Mpandishe."

Akamsikiliza moyo, akambonyeza tumbo, akamwangalia masikio. Alipomfikia usoni aligeuza kichwa upande, akavuta pumzi, kisha akarudi.

"Mzee, hii harufu ameanza nayo lini?"

"Harufu gani?"

Daktari alimtazama akidhani anatania. Alipoona hatanii, akasogea karibu zaidi. Akamwinua Karani mdomo upande wa kulia, taratibu, kwa kidole kimoja. Karani akanung'unika kooni, akafumba macho, lakini hakuuma.

"Sogea uone," akasema daktari.

"Hayo nimeshayaona," akajibu Fundi Meno. "Ni rangi ya umri wake. Mimi ndiyo kazi yangu, binti. Mbwa mkubwa kama huyu ukimwona na meno meupe, ujue kuna kasoro."

Yule daktari hakubishana naye. Alichukua chombo chembamba cha chuma kilichopinda ncha, akakiweka juu ya chonge, pale penye hudhurungi nzito, akabonya kidogo. Kikasikika kitu kukatika. Kipande kikaanguka juu ya meza, kigumu, kimepinda, kama kigae kidogo cha plasta kutoka kwenye karakana ya Fundi mwenyewe. Na pale kilipotoka, jino lilikuwa jeupe.

Fundi Meno alikichukua kile kipande, akakigeuza kwenye kiganja. Alikuwa ameshika vitu vya namna ile maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba kitu hicho kinaweza kuota chenyewe, ndani ya mdomo, juu ya jino zima.

"Huu ni ukoga," daktari akamwambia. "Chakula kinabaki, kinakuwa utando, utando usiposuguliwa unakuwa jiwe. Jiwe linausukuma ufizi, wadudu wanaingia chini yake. Sasa angalia huku nyuma."

Nyuma, gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka. Ufizi wake ulikuwa umevimba, mwekundu wa kuiva, na alipougusa kwa pamba ukatoa usaha. Karani akalia sauti ndogo, nyembamba, ambayo Fundi Meno hakuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mtoto.

"Shavu aliloguswa na yule mwalimu ni hili?" daktari akauliza.

"Ndilo."

"Basi. Huyu haumwi uzee, mzee wangu, anaumwa jino. Na siyo la jana. Mbwa hasemi. Akiumwa jino anaendelea kula, anaendelea kutingisha mkia, mpaka siku atakapoguswa pale pale panapowaka moto. Hawa wadudu wakiachiwa wanaingia kwenye damu, wanakwenda kwenye moyo na figo. Hapo hata ungemlinda vipi na watoto, angeondoka mwenyewe."

Fundi Meno alitafuta kiti, na hakukuwa na kiti. Akakaa juu ya mizani.

"Mimi nimekuwa nikimlowekea chakula," akasema.

"Ulifanya kwa mapenzi."

"Nilifanya." Akajifuta uso kwa mkono mzima, kutoka juu hadi chini. "Mke wangu aliniambia ananuka. Aliniambia kila siku."

Daktari akaiweka pamba kando. Akamweleza kitakachofuata: atapima damu kwanza, kwa sababu mbwa wa umri ule dawa ya usingizi si ya kuchezea, akiona figo na moyo vinaweza kuihimili, atamlaza, akwangue ukoga wote hadi chini ya ufizi, na ang'oe yaliyokwisha kuoza. Hakumwahidi kwamba ataamka. Alisema tu kwamba anaamini ataamka.

"Na hayo utakayong'oa," akauliza Fundi Meno, uso mkavu kabisa, "nimtengenezee mengine? Nina vipimo vya kila namna."

Daktari alicheka mpaka paka akainuka kabatini. "Mbwa hana haja ya kupendeza kwenye picha, mzee. Bila hayo atakula vizuri kuliko sasa."

Majibu ya damu yalipotoka vizuri wakamchukua mbwa ndani, naye akabaki barazani, na huko hakuwa na tupa wala kitambaa, hakuwa na kitu cha kushughulisha ile mikono. Akampigia mkewe simu.

"Tayari?" mkewe akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa analia na hataki ijulikane.

"Hajafa. Ni jino."

"Umesemaje?"

"Ni jino, mama. Ulikuwa unasema ananuka. Ni jino."

Angeweza kumsema hapo, na haki ilikuwa yake. Badala yake mwanamke yule alikata simu, na muda si muda akatokea barazani na kanga iliyofungwa juu juu na kandambili zisizofanana, akaketi karibu na mumewe, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Karani aliamka. Aliamka ulimi nje, miguu haimtii, akiwa amepoteza magego matatu na jino moja dogo la mbele. Daktari akawapa dawa za maumivu, akawapa na brashi dogo na dawa yake ya meno ya mbwa, akawaonya wasije wakampaka ile ya watu, maana ina vitu vya kumdhuru. Kila siku, akasema, hata dakika mbili, na kila mwaka aletwe aangaliwe. Fundi Meno alilitazama lile brashi kwa dharau ya fundi. Alipofika nyumbani alilikata mpini, akalipinda kwa moto kidogo ili lifike kwenye magego ya nyuma, akalisugua kwa tupa hadi likawa laini. Kuanzia hapo, kila jioni akifunga karakana, Karani huketi katikati ya magoti yake na kupigwa mswaki, huku mkewe akisimama mlangoni kusimamia na kusema upande wa kushoto amelipua tu, hakuusugua.

Ufizi ulipopona, mbwa alibadilika kiasi cha kuwatia haya wenyewe. Si kwamba alirudi kuwa kijana, uzee wake anao. Lakini alirudi kwa watu. Mwalimu alipokuja, Karani alimlalia miguuni, na mwalimu akambembeleza shavu lile lile bila hata kusita, kwa sababu mama yule hajawahi kumwogopa mtu akishaelewa shida yake.

Aliyebaki ni mwanawe. Kwenye simu alisikiliza habari yote, akasema amefurahi, akasema tutaona. Alikuja na mtoto na mabegi, lakini mtoto akamwacha kwanza nje ya lango na mama yake, akaingia peke yake na kusimama katikati ya karakana kama mtu aliyekuja kukagua jengo.

Fundi Meno hakumhubiria. Aliketi, akamwita mbwa, akampanua mdomo mbele ya mwanawe na kuingiza mkono hadi nyuma kabisa, upande wa kulia. Karani akahema, akamwegemea goti.

"Njoo weka kidole chako hapa," akasema.

"Baba..."

"Njoo."

Mwanawe alipiga magoti. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na kidole alikinyoosha nusu tu. Fundi Meno akakishika kidole kile, kama alivyokishika zamani kumfundisha kushika kibano, akakiongoza hadi mahali lilipokuwa gego, pale penye ufizi laini uliojifunga. Karani akafungua macho, akamtazama kijana, akakilamba kidole polepole kikiwa bado mdomoni mwake.

Mwanawe alikaa vile vile bila kukitoa.

"Alikuwa anaumwa tu," akasema.

"Alikuwa anaumwa tu."

"Na mimi ndiye niliyesema achomwe sindano."

"Na mimi ndiye niliyempeleka," akasema Fundi Meno, akimfuta mbwa mate kwa kitambaa chake cha kazi. "Inuka, mwanangu. Mwite mtoto."